Mafuta ya mgando kwa utitiri wa miguu ya kuku: yanafaa, lakini yanataka subira

Kwa kuku wa kienyeji wa uani, kopo la mafuta ya mgando yasiyo na manukato ndiyo dawa tunayoipendekeza kwanza. Ugonjwa unajulikana kwa magamba ya miguu yaliyonyanyuka, yenye ukoko mweupe kama chokaa. Ukikomaa kuku huchechemea. Utitiri huchimba chini ya magamba, na mafuta huuziba ukakosa hewa.

Roweka miguu dakika 5 katika maji vuguvugu ya sabuni, sugua taratibu kwa mswaki laini, kausha, kisha paka hadi katikati ya vidole. Usibandue magamba, yatatoka damu. Rudia kila siku 2 au 3 kwa wiki 3 hadi 4, kuku wote kwa pamoja. Ukimwacha mmoja, atawaambukiza wenzake. Safisha na fito wanazolalia.

Mafuta ya nazi yanasaidia, ila kwa joto la Unguja na Pemba hayagandi, hutiririka upesi. Mafuta ya taa yaacheni kabisa: yanaunguza ngozi, ni kumtesa mnyama.

Kasoro ya mgando ni kunasa mchanga, kwa hiyo paka magharibi, kuku wakishaingia bandani.