Irente na wajukuu: siku moja ya milimani kwa wenye magoti yaliyochoka

Mume wangu ana miaka 71 na goti la kulia lililochoka tangu akiwa kazini reli. Mimi nina presha. Wajukuu wetu wawili walikuja Korogwe kutoka Dar es Salaam likizo ya Desemba: wa kike wa miaka 8, ambaye kwa utani wetu ni mke mwenzangu, na wa kiume wa miaka 5, huyo ndiye mume wangu mdogo. Tangu siku waliyofika wimbo ulikuwa mmoja: bibi, tupande ile milima. Ninaandika kwa ajili ya bibi na babu wenzangu wanaoulizwa swali hilohilo na kuogopa kujibu. Nendeni Irente, Lushoto, kwenye mwamba wa kutazamia nyika kutoka juu ya milima ya Usambara. Mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Tuliondoka saa 12 asubuhi kwa Noah ya kukodi. Hadi Mombo ni lami iliyonyooka na watoto walilala. Kuanzia Mombo ni kilomita 33 za kona hadi Lushoto mjini, na hapo ndipo safari hii inapoweza kuharibika. Mwaka jana tulipanda na dereva mwingine, simtaji, aliyekata kona kama anakimbizwa, na mjukuu wa kike alitapika mara mbili kabla ya Soni. Safari hii nilimwambia dereva kabla hata hatujapatana bei: baba, tunalipia mwendo wa polepole. Akacheka, lakini akashika neno. Watoto walikula kipande cha mkate mkavu tu asubuhi, chai nikaibakiza kwenye chupa, na kila mmoja alikuwa na peremende mdomoni ya kuzibua masikio. Hakuna aliyetapika.

Soni tulisimama nusu saa. Maporomoko yanaonekana bila kutembea mbali, na sokoni kulikuwa na peasi na matunda damu kwa ndoo. Hapo ndipo nilipowavisha masweta. Mombo ni joto la kutoa jasho, huku juu hewa ni ya baridi. Mzee aliye na kifua asisahau hilo.

Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni kama kilomita 5 hivi. Tulipita kwanza Irente Farm, shamba la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, kuagiza chakula cha mchana mapema ili tukirudi tusisubiri na watoto wenye njaa. Kisha gari likatusogeza kadiri lilivyoweza, tukatembea kipande kilichobaki. Babu na mkongojo wake, mkono mwingine kampa mjukuu wa kike. Njiani kuna watoto wa pale wanaokuja na vinyonga juu ya vijiti wakitaka hela ya kuwatazama. Mume wangu mdogo alijificha nyuma ya gauni langu, maana nyumbani kwao amefundishwa kwamba kinyonga ni mkosi. Nilimwonyesha mwingine aliyekuwa kichakani, ametulia zake, jicho moja linatazama mbele na jingine nyuma. Akakaa kumtazama mpaka babu akalalamika kwamba anasimama bure. Hela sikutoa. Mnyama anayezungushwa juu ya kijiti juani siku nzima anaumia, na watoto wale wakiambiwa kwa upole wanaelewa.

Tulipofika kwenye mwamba hatukuona kitu. Ukungu mtupu, mweupe kama maziwa. Mke mwenzangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyedanganywa. Nikatandika kanga juu ya jiwe, mbali na ukingo, tukanywa ile chai. Tulisubiri karibu saa nzima, na nasema wazi: msikubali dereva awaharakishe hapo. Ukungu ulianza kupasuka chini kwanza. Kikatokea kipande cha shamba la mkonge, mistari yake imenyooka kama iliyopigwa rula, kisha mapaa ya Mazinde, kisha nyika yote ya Wamasai hadi macho yanapochoka. Ni karibu mita 1,000 kwenda chini. Mjukuu wa kiume alinishika mkono kwa nguvu, nami nikamshika zaidi. Hapo mtoto haachwi mkono hata kwa kupiga picha. Tuligawana: babu na wake, mimi na wangu, na dereva ndiye aliyepiga picha.

Babu akanyoosha mkongojo. “Mke wangu, unauona ule mstari mwembamba, kando ya barabara? Ile ni reli yangu.” Alifanya kazi kwenye genge la matengenezo miaka 31, na kipande cha Mazinde hadi Mkomazi amekitembea kwa miguu akikagua mataruma. Akawaeleza kwamba Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi 1911, na kwamba treni ya abiria ilipopotea alidhani hataiona tena, hadi iliporudi Desemba 2019 akaenda stesheni ya Korogwe kuipungia mkono. Hayo yote mimi nayajua. Lakini sijawahi kumsikia akiyasema akiwa amesimama juu yake, reli nzima miguuni pake. Mjukuu wa kiume aliuliza kama babu ndiye aliyeichora. Babu akasema hapana, aliinyoosha tu ilipopinda.

Chakula shambani tulikila saa 8, bustanini chini ya miti. Mkate mweusi mzito, jibini yao wenyewe, jamu, mboga mbichi, matunda na juisi. Watoto wa Dar walioapa kwamba mkate mweusi hawaugusi waliumaliza kwa sababu ya jamu. Ni bei kubwa kuliko sahani ya wali pale Mombo, lakini ni chakula kisafi, unakaa kwenye kivuli bila kufukuzwa, na choo ni cha karibu, jambo ambalo mtu wa umri wangu hulipima kabla ya mandhari. Babu alinyoosha mguu kwenye benchi akasinzia. Watoto wakakimbia kwenye nyasi. Nilinunua jibini moja na chupa mbili za jamu za kwenda nazo.

Mkienda na watoto wa chini ya miaka 4, wabebeni mgongoni kwa kanga. Kipande kile cha miguu kina mawe. Beba maji, sweta, mfuko usiovuja endapo kona zitamshinda mtu, na dawa zako za mchana. Ondokeni Lushoto kabla ya saa 10 jioni ili kona za kushuka msizikute gizani.

Tulifika Korogwe saa 1 usiku. Goti la babu lilivimba kidogo, nikamkanda kwa maji ya moto. Asubuhi nilimkuta kibarazani na wajukuu, wamelala kifudifudi na penseli, wanachora reli kutoka Tanga hadi Moshi kwenye karatasi tatu zilizounganishwa kwa gundi ya ugali, naye anawaambia stesheni moja baada ya nyingine.