Metronomu ya kubana kwenye kola: ilivyotufaa sisi wavuta kamba

Mimi huvuta kamba, nafasi ya tano kati ya wanane, na mazoezi napanga mimi. Nguvu tulikuwa nazo. Shida ni kwamba kila mtu alivuta kwa saa yake, na kamba haina huruma: ukichelewa kidogo tu, unakuta nguvu ya mwenzako imeshapita. Mfaransa Max Ringelmann alichapisha habari hizi tangu mwaka 1913, kwamba watu wakizidi kwenye kamba kila mmoja hutoa chini ya uwezo wake. Sehemu ya hasara ni kutovuta kwa pamoja.

Nikanunua kidude hiki cha wanamuziki. Kinapiga mapigo 30 hadi 250 kwa dakika, na betri yake sina neno nayo.

Siku ya kwanza niliweka 30, nikidhani polepole ndiyo rahisi. Wapi! Sekunde mbili kati ya mlio na mlio ni nyingi mno. Mtu anaacha kuuotea mdundo, anakaa kuusubiri, na anayesubiri huvuta baada ya kushtuka. Nikapandisha hadi 60, tukawa tunavuta kila pigo la tatu: moja, mbili, haya! Hapo visigino vyote vikachimba ardhi kwa kishindo kimoja. Siku hizi nakizima katikati ya zoezi bila kuwaambia, na mdundo unabaki miilini kwa mivuto kadhaa kabla ya kuanza kulegea. Hilo ndilo ninalolitaka, maana kwenye mechi tunategemea sauti ya mwalimu tu.

Mlio wenyewe ni mwembamba. Upepo ukivuma, mvutaji wa mwisho haambulii kitu. Kwa kuwa kinakubali spika, nikajifanya fundi: spika ya mbele kwa waya, ya nyuma bila waya. Ya nyuma ikawa inachelewa kidogo, kiasi ambacho ukisikiliza muziki hukijali. Sisi ilitugawa timu mbili kwenye kamba moja! Nimebakiza spika moja, katikati.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kibanio, kilichokatika wiki ya pili. Sasa kidude kinaning'inia shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu.