Dawa ya anemoni wasumbufu kwenye tangi la maji chumvi: ulizia ncha kabla ya bei

Mwezi wa nne nilikuwa na anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri, mmoja tu wa aina ya Aiptasia kwenye tangi langu hapa Kirumba, Mwanza. Alikuwa amejishikiza nyuma ya jiwe, mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, rangi ya kahawia iliyofifia, minyiri imetawanyika kama makuti ya mnazi mchanga. Kufika mwezi wa sita nikahesabu kumi na mmoja.

Nilikuwa nimeagiza Aiptasia-X, dawa ya kuwaua ya kampuni ya Red Sea, kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Mzigo ukashuka stendi ya Nyegezi ndani ya boksi la viatu: chupa ipo, bomba la kuvutia dawa lipo, ncha zake mbili za kudondoshea hazipo. Nikampigia. "Dada, nenda famasi yoyote uchukue sindano, kazi ni ile ile." Nikaenda. Sasa, dawa yenyewe ni nzito kama uji wa mtoto, na sindano ya famasi ni nyembamba, ikaziba. Nikasukuma kwa nguvu, ikafyatuka, dawa ikampiga mguuni badala ya mdomoni. Akajikunja, akazama kwenye ufa wa jiwe, nami nikamchokonoa kwa ile sindano. Hapo ndipo nilipoharibu. Kipande cha mguu wa Aiptasia kikibaki juu ya jiwe, hata kama ni kidogo kama punje ya ulezi, huota kikawa anemoni kamili.

Ndiyo maana mkiniuliza dawa ipi inaua, nasema nyingi zinaua. Kinachonisumbua mimi ni namna dawa inavyomfikia mdomoni bila kumgusa. Ncha ikiwa nene, inamgusa na anajifunga. Ikiwa nyembamba mno, inaziba. Ikiwa fupi, mkono mzima unaingia ndani ya maji na unatikisa kila kitu. Jambo hili haliandikwi kwenye tangazo lolote la duka, na ndilo linaloamua kama utaua mmoja au utazalisha kumi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni hiyo hiyo Aiptasia-X, ikiwa kamili, na sifichi upendeleo wangu. Zima pampu, subiri maji yatulie. Tikisa chupa vizuri. Leta ncha juu yake, sentimita moja au mbili, kisha dondosha polepole dawa ishuke yenyewe juu ya minyiri. Ataivuta mdomoni akidhani ni chakula. Utamwona anajikusanya, mdomo unaziba, anabonyea kwa ndani. Usimguse. Acha pampu zimezimwa kama robo saa. Wakiwa wengi, ua wachache kwa siku, maana wanaooza kwa pamoja huchafua maji.

Namba mbili ni kamba wa peppermint, Lysmata wurdemanni, na hapa nina barua ya msomaji wa Isamilo iliyoniuma. Aliuziwa wanne, wakaacha Aiptasia wote na kula matumbawe yake laini. Picha alizonitumia ni za kamba ngamia, Rhynchocinetes durbanensis. Mtazame mgongoni: kamba ngamia ana nundu na michirizi myekundu na myeupe iliyokolea. Peppermint mwili wake unakaribia kuonyesha upande wa pili, na mistari yake myekundu ni myembamba. Muuzaji alimwambia, "Mama, kamba ni kamba." Hata peppermint halisi si wote wanaokula Aiptasia, na Aiptasia wakubwa huwa wanawashinda.

Berghia, yule konokono wa baharini asiye na gamba, ningempa namba mbili kama tungekuwa Tanga. Anakula Aiptasia peke yake, hagusi kingine, na anaingia kwenye nyufa ambazo ncha haifiki. Lakini Aiptasia wakiisha naye anakufa kwa njaa, na kama tatizo lako ni Majano, anemoni wa aina nyingine, wale wanene wenye minyiri mifupi ya ncha zilizovimba, hatakusaidia. Na kutoka Dar kuja Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kiumbe cha sentimita mbili ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye buti la basi, joto lile! Kwa ndege tu, au acha.

Samaki, nikimaanisha Chelmon rostratus mwenye mdomo mrefu, anahitaji tangi kubwa na ni mgumu kulisha. Kwa lita zangu 200 sikumfikiria.

Chokaa iliyokorogwa, maji ya limao: zinaua wadogo, zinavuruga pH (kipimo cha uchachu wa maji) ukizidisha. Basi. Na tafadhali, msitumbukize mawe kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Msomaji wa Nyegezi alifanya hivyo, akaua kila kilichokuwa hai kwenye jiwe, alipolirudisha tangi likanuka na samaki wawili wakafa.

Sasa wauzaji. Kampuni inafunga chupa, bomba na ncha pamoja. Wewe unafungua boksi, unatoa ncha, unaziuza peke yake kwa mteja mwingine, halafu kwangu unatoza bei ya boksi kamili. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunalipa nauli ya mzigo juu yake, na kurudisha ni nauli nyingine, kwa hiyo mnajua tutanyamaza. Mwingine ananiuzia dawa iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na lebo wala tarehe ya kuisha, na bei haipungui hata shilingi.

Mzigo wa pili nililipa nusu. Ulipofika nikafungua boksi pale pale kwenye kaunta ya mizigo Nyegezi, kondakta akinisubiri, nikatoa kimoja kimoja: chupa, bomba, ncha mbili kwenye mfuko wake haujafunguliwa. Ndipo nikatuma nusu iliyobaki. Leo asubuhi nimehesabu tena nyuma ya jiwe: wamebaki wawili.