Kuona mosi: Kilimanjaro au Rwenzori?

Mosi, ile mimea laini inayofunika mawe na magogo, haina mizizi halisi. Hunywa mvua na ukungu kwa majani yake. Kwa unyevu, basi, Rwenzori inashinda: miti ya Erika imevikwa mosi kuanzia shina hadi matawi, na kwenye vinamasi vya Bigo sifagnamu, aina ya mosi wa vinamasini, huota kati ya vichuguu vya ndago na lobelia kubwa. Pazuri mno! Ila bila mabuti ya mpira husogei.

Kwa urahisi, Kilimanjaro. Kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari, unapita msituni na kurudi siku hiyohiyo. Mwenye wiki nzima na miguu imara, Rwenzori inamfaa zaidi.