Dawa ya magugu ya 2,4-D kwenye ukoka, uzoefu wangu

Nimeitumia hii dawa ya 2,4-D iliyochanganywa na dikamba, dawa nyingine ya magugu, na kwa magugu ya majani mapana sina malalamiko. Siku chache baada ya kupuliza unakuta gugu limejikunja, shina limepinda kama limenyongwa, jani linaanza kuwa njano, halafu taratibu linakufa na mzizi wake, ukoka wala haujashtuka. Inajifanya homoni ya mmea, gugu linakua hovyo hovyo mpaka linajimaliza, kwa hiyo haliwezi kukauka siku hiyohiyo, na wale wanaorudia kupuliza kesho yake eti dawa feki wanamwaga hela bure.

Ila ndago haifi ng'o. Shika shina lake ulizungushe kwenye vidole, utasikia pembe tatu, ile sio jani pana na wala sio nyasi, inataka dawa yake yenye halosalfuroni. Muuzaji aliniambia hii ya 2,4-D inaua kila kitu, hehe, inayoua karibu kila kitu ni glaifoseti na hiyo ukiimwaga kwenye ukoka unabaki na udongo mtupu. Picha ya mbele isikudanganye, geuza chupa usome dawa yenyewe ni ipi, na cheki kama nyasi zako zimetajwa maana nyasi aina ya St. Augustine kwa mfano, 2,4-D inaweza kuziunguza.

Nilipuliza asubuhi upepo umetulia, umande umeshakauka, mvua haipo karibu, na nyasi sikuzikata siku mbili kabla wala mbili baada, gugu lililofyekwa litapokelea dawa wapi sasa? Presha weka ndogo, nozeli ya matone makubwa, kama kuna nyanya jirani ndio kabisa, ukungu kidogo tu wa 2,4-D ukizifikia majani yanasokotana. Chini ya miti niliruka, dikamba inashuka kwenye udongo na mizizi inainyonya. Na bomba litenge la magugu tu, hata ulisuuze vipi usije ukapulizia mboga.

Kinachoniudhi ni harufu, inang'ang'ania kwenye glavu balaa, halafu kikombe cha kupimia alama zake hazisomeki, nikaishia kutumia bomba la sindano kupima mililita. Kwa dawa ambayo ukizidisha unaunguza nyasi huo ni uzembe. Nyota nne.