Hadubini au saitometa ya mtiririko?

Hadubini bado naipenda bana, waiona seli yenyewe, umbo lake, rangi imekaa wapi, ila kuhesabu moja moja jicho lachoka. Saitometa ya mtiririko, mashine ya kuhesabu na kupima seli, ni kitu chengine: seli zapita foleni moja ndani ya maji, si kama vurugu la feri ya Likoni, kila moja yapigwa leza, maelfu kwa sekunde. Mwanga unaotawanyika mbele wakupa ukubwa, wa ubavuni wakupa chembechembe za ndani, na antibodi (protini za kunasa kitu maalum) zilofungwa rangi ya kung'aa zashika protini kama CD4, ilo juu ya baadhi ya seli za kinga, ndo wajua hii seli gani na protini ni nyingi kiasi gani. Picha lakini hupati, vidoti tu kwa grafu. Kuhesabu seli za CD4 mie nachukua saitometa, malaria nabaki na hadubini.