Seti ya kuanzia ikolojia na jenetiki: shanga zafundisha, kadi zayumba

Seti hii imekusudiwa mwanafunzi anayeanza biolojia, na ndani ya sanduku mna kitabu chembamba, mifuko miwili ya kitambaa yenye shanga nyekundu na nyeupe, na pakiti ya kadi za ikolojia. Nimeitumia muhula mzima na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Naona nusu ya jenetiki imetungwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa, ilhali nusu ya ikolojia ni kama imetiwa ili sanduku lisionekane tupu.

Nianze na shanga, maana ndizo zinazostahili sifa. Kila mfuko ni mzazi mmoja wa njegere mwenye aleli mbili, yaani matoleo mawili ya jeni moja, zisizofanana: nyekundu ni ya mbegu ya mviringo, ambayo ndiyo tawala, na nyeupe ni ya mbegu yenye mikunjo, sifa inayojificha hadi aleli zake zikutane mbili. Mwanafunzi huchomoa ushanga mmoja kutoka kila mfuko bila kutazama, huandika jozi aliyopata, huzirudisha, kisha hurudia hadi atimize mara 40. Jedwali la Punnett, mchoro wa miraba unaoonyesha jozi za aleli ambazo watoto wanaweza kurithi, limemwambia atarajie mbegu 10 zenye mikunjo. Yeye hupata 7, au 13, na papo hapo hudhani amekosea mahali. Hapo ndipo kitabu kinapomletea hesabu za Gregor Mendel mwenyewe, mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa njegere, zilizochapishwa mwaka 1866: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, yaani uwiano wa 2.96 kwa 1. Tatu kamili haikumtokea hata Mendel. Nimeona wanafunzi wakielewa kwa ukurasa huo mmoja jambo ambalo mhadhara wa saa nzima haukuwaingia, kwamba uwiano hueleza bahati ya kila uzazi wala si ahadi ya idadi.

Kwa bahati mbaya, shanga nyeupe katika sanduku langu ni kubwa kidogo kuliko nyekundu. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini vidole huitambua, na kundi moja lilipata mbegu 17 zenye mikunjo kati ya 40 kabla hatujagundua sababu. Nilizitoa zote nikaweka vifungo vya nguo vya ukubwa mmoja, vya rangi mbili, na tangu hapo matokeo yametulia. Mtengenezaji anayeuza zoezi la bahati nasibu hana budi kupima shanga zake.

Sura ya makundi ya damu nayo ni nzuri. Inaonyesha kwamba aleli za A na B hujitokeza zote mbili pasipo moja kuifunika nyenzake, na kwamba mzazi wa kundi A na mwenzake wa kundi B wanaweza kumzaa mtoto wa kundi O iwapo kila mmoja amebeba aleli ya O kwa siri. Tena inasisitiza jambo ambalo vitabu vingi huliruka: uwezekano wa moja kwa nne huanza upya kwa kila mtoto, hivyo watoto watatu wa kwanza wasipokuwa wa kundi O, wa nne hana deni lolote la kulipa.

Kadi za ikolojia ni habari nyingine. Katika mnyororo wa nyasi, panzi, chura, nyoka na mwewe, mishale miwili imegeuzwa, ikatoka kwa mlaji kwenda kwa anayeliwa, ilhali mshale hufuata njia ya nishati, kutoka kwenye nyasi kwenda kwa panzi. Anayeanza akishika kosa hilo, kila mchoro wa wavu wa chakula atausoma kinyumenyume. Kadi nyingine inasema kila ngazi ya mnyororo hupokea asilimia 10 ya nishati ya ngazi iliyo chini yake, kana kwamba ni sheria. Hicho ni kipimo cha makadirio tu. Kiwango halisi hupanda na kushuka, na wanyama wenye damu moto, wanaotumia sehemu kubwa ya chakula chao kujipasha joto, kwa kawaida huacha kidogo zaidi kwa anayewala.

Zoezi la kukadiria idadi ya wanyama kwa kuwatia alama lina afadhali. Unatia alama 50, unawachanganya na wenzao, unakamata 40, unakuta 10 wana alama, na hesabu inakupa 200. Tatizo ni kwamba zoezi linafanyika mfukoni, ambamo hakuna anayezaliwa, anayekufa, anayehama wala anayepoteza alama yake, na kadi haitaji hata sharti moja kati ya hayo. Wanafunzi wangu walitoka wakiiamini ile 200 kama waliohesabu mmoja mmoja.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba nusu hizi mbili hazijuani. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, imo kitabuni kama mfano wa urithi tu: aleli mbili ni ugonjwa, moja ni kuubeba. Hakuna neno kuhusu malaria, ingawa mtafiti Anthony Allison alionyesha tangu mwaka 1954 kwamba mwenye aleli moja hupata kinga dhidi ya malaria, na kwamba aleli hiyo imeenea pale malaria ilipoenea. Kadi moja juu ya hilo ingetosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi mazingira yanavyochuja jeni kizazi baada ya kizazi.

Kwa sasa ninatumia kitabu na mifuko, vifungo vikiwa ndani yake. Kadi za mnyororo nimezirekebisha kwa kalamu ya wino, na ile ya asilimia 10 nimeitoa kwenye pakiti. Anayesoma peke yake, bila mtu wa kumsahihishia mishale, asubiri toleo jingine.